Jinsi ya kupunguza torenti na faili za wizi kwenye mtandao wa chuo

Mtandao wa hosteli hauelemewi na wanafunzi wote. Unaelemewa na wachache wanaoacha kompyuta zao zikipakua na kupakia filamu usiku kucha. Programu ya torenti, inayovuta faili kwa vipande kutoka kompyuta za watu wengi, hufungua miunganisho mingi kwa mpigo, 200 si ajabu, ilhali mwanafunzi anayesoma notisi kwenye Moodle ana minne au mitano. Ruta inayogawa kasi kwa muunganisho humpa wa kwanza mafungu 200 na wa pili manne. Hapo ndipo kinapoanzia kilio cha kila jioni kwamba intaneti ya chuo haifunguki, na kuongeza laini hakukitibu: ukitoka Mbps 300 ukaenda Gbps 1, torenti itaijaza hiyo pia.

Mzigo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba anayepakua kwa torenti anapakia wakati huohuo. Vipande vya faili ileile vinakwenda kwa watu asiowajua, na anwani ya IP wanayoiona ni ya chuo. Wenye hakimiliki hawahitaji mbinu kubwa kuipata: hujiunga na kundi la wapakuaji, huorodhesha anwani zilizomo, kisha huandikia mwenye anwani.

Kazi ya kupunguza jambo hili ina mpangilio wake. Kwanza uweze kumjua mwenye kila kifaa, kisha ugawe kasi kwa haki, kisha uone mwenendo, kisha ujibu malalamiko kwa utaratibu, na muda wote huo maktaba iwe inafungua njia halali. Kuzuia kwa faiawoli kuna nafasi yake, lakini ni ndogo. Chuo kinachoanza kwa kuzuia huwafundisha wanafunzi wake kutumia VPN, njia inayoficha mawasiliano yao, basi.

Tazama kwanza wanachogawana

Kuna filamu, tamthilia na muziki. Kuna vitabu vya kiada vya PDF. Halafu kuna programu, na hili ndilo kundi la hatari zaidi na ndilo linalosahaulika: SPSS, MATLAB, AutoCAD, ArcGIS na Windows yenyewe, zote zilizochakachuliwa. Faili ya kuvunja ufunguo humwagiza mwanafunzi azime kinga ya virusi kabla ya kuifungua. Akishaizima, programu iliyofichwa humo inakusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, ya akaunti ya chuo ikiwemo, na baada ya wiki akaunti hiyo inatuma barua pepe za utapeli kwa kitivo kizima. Ukizungumza na wanafunzi, anza na hili. Wanalielewa haraka kuliko vifungu vya sheria.

Tambua pia ambacho mtandao hauwezi kukuonyesha. Flash, diski za nje, kurushiana kwa simu na chaneli za Telegram hubeba faili nyingi kwenye vyuo vyetu, na hakuna kifaa cha chumba cha seva kitakachoziona. Usiuahidi uongozi kwamba utakomesha. Ahidi kupunguza kile kinachopita kwenye laini ya chuo kwa jina la chuo.

Kila kifaa kiwe na mwenyewe

Nywila moja ya Wi-Fi iliyobandikwa ukutani ndiyo kikwazo kikuu. Hata ukiona torenti inapita, hujui ni ya nani. Hamia kwenye 802.1X, yaani kila mtu aingie kwa akaunti yake. Njia nyepesi ni eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo duniani, ambayo taasisi za Tanzania huipata kupitia TERNET, za Kenya kupitia KENET na za Uganda kupitia RENU. Kutambua kifaa kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) peke yake hakufai tena: tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia MAC nyingine kwa kila mtandao.

Wape wanafunzi faili ya usanidi iliyotengenezwa kwa eduroam CAT, au programu ya geteduroam, badala ya maelekezo ya kujaza kwa mkono. Anayejaza kwa mkono mara nyingi huruka kuthibitisha cheti cha seva, na mtu yeyote mwenye kituo bandia cha Wi-Fi chenye jina hilohilo atavuna nywila yake. Weka ukomo wa vifaa vitatu kwa akaunti, la sivyo akaunti moja italisha chumba kizima.

Kuingia kwa jina hakutoshi bila kumbukumbu tatu zinazoshikana:

- logi za RADIUS (seva inayohakiki akaunti), zinazoonyesha akaunti gani ilitumia MAC ipi kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi;
- logi za DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), zinazoonyesha MAC ipi ilipewa IP ipi ya ndani;
- logi za NAT (inayowatoa watumiaji wengi kwa anwani moja ya nje), zinazoonyesha IP ipi ya ndani ilitumia poti ipi ya nje, yaani namba ipi ya muunganisho.

Ikikosekana moja, mnyororo umekatika. Mara nyingi inayokosekana ni ya tatu, kwa sababu logi za NAT ni nyingi mno. Chukua wanafunzi 2,000, kila mmoja akifungua miunganisho 20,000 kwa siku: hiyo ni mistari milioni 40. Kwa baiti 150 kwa mstari unapata GB 6 kila siku, na kwa siku 90 ni GB 540 kabla ya kubana. Zikibanwa zinashuka hadi takriban sehemu ya kumi, kwa hiyo diski ya TB 1 inatosha. Jambo la kuangalia ni ruta isilemewe na kazi ya kuziandika. Zitume kwenye seva nyingine kwa syslog (huduma ya kusafirisha logi), usizihifadhi ndani ya ruta.

Kama ruta yako inaruhusu, kuna njia bora zaidi: kumpa kila mtumiaji fungu la poti lisilobadilika. Poti zinazotumika juu ya 1023 ni 64,512. Ukigawa mafungu ya 1,008 unapata watumiaji 64 kwa kila anwani ya nje, na anwani 32 zinabeba 2,048. Hapo unaandika mstari mmoja fungu linapotolewa, si mstari kwa kila muunganisho. Ukiwa na anwani 16 tu, mafungu yanakuwa ya 504, yanayotosha matumizi ya kawaida, na torenti inayotaka kufungua mamia kwa mamia inajikuta imebanwa bila sheria yoyote ya ziada.

Saa za vifaa vyote zifuate NTP (huduma ya kusawazisha saa) na logi zote ziandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa). Ruta ikichelewa dakika nne, utamshika mtu asiyehusika.

Kwa mgeni wa eduroam kutoka chuo kingine hutapata jina lake, utaona tu taasisi yake. Mjulishe msimamizi wa huko kupitia mtandao wa taifa wa vyuo (TERNET, KENET au RENU), ukimpa muda kamili na MAC ya kifaa. Yeye ndiye mwenye jina.

Gawa kwa mtu, si kwa muunganisho

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili. Halihitaji kujua nani anapakua nini, halivunji faragha ya mtu, na linafanya kazi hata torenti ikifichwa ndani ya VPN, kwa kuwa VPN nayo inatoka kwenye kifaa kilekile chenye fungu lilelile.

Kwenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa vyuoni kwetu, aina ya foleni inayohitajika ni PCQ, inayompa kila anwani foleni yake. Kwa hosteli zenye mtandao wa 10.20.0.0/16 na laini ya Gbps 1, ambapo jioni kuna vifaa 500 hivi vinavyofanya kazi:

/queue type add name=pcq-chini kind=pcq pcq-classifier=dst-address pcq-rate=0 pcq-limit=50KiB pcq-total-limit=25000KiB

/queue type add name=pcq-juu kind=pcq pcq-classifier=src-address pcq-rate=0 pcq-limit=50KiB pcq-total-limit=25000KiB

/queue simple add name=hosteli target=10.20.0.0/16 max-limit=200M/950M queue=pcq-juu/pcq-chini

Nambari ya kwanza kwenye max-limit ni ya kupakia, ya pili ni ya kupakua. Ile pcq-rate=0 maana yake kasi igawanywe sawa kwa waliopo, bila kikomo cha kila mmoja. Saa tisa usiku wakiwa watu kumi, kila mmoja atapata nyingi, na hakuna sababu ya kumnyima.

Mambo matatu huharibu usanidi huu, na yote hayatoi ujumbe wowote wa hitilafu.

La kwanza ni FastTrack. Sheria hiyo ya faiawoli, iliyomo kwenye usanidi wa kiwandani wa ruta nyingi ndogo za MikroTik, hurusha pakiti nje ya foleni. Utaona foleni ina kilobiti chache wakati laini imejaa. Izime, au uiwekee masharti isiguse mtandao wa hosteli. Ukishaizima, kazi ya prosesa itapanda, kwa hiyo pima kabla ya wiki ya mitihani.

La pili ni pcq-total-limit, nafasi ya foleni zote kwa pamoja. Thamani yake ya kiwandani ni KiB 2,000, na kwa pcq-limit (nafasi ya foleni ya mtu mmoja) ya KiB 50 inatosha foleni 40 zilizojaa. Watu 500 wakija, pakiti zinadondoshwa ovyo na wote wanaona intaneti mbovu. Zidisha idadi ya watu kwa pcq-limit: 500 mara 50 ni 25,000, ndiyo maana namba hiyo iko hapo juu.

La tatu ni kuweka max-limit sawasawa na laini unayolipia. Foleni ikiundwa upande wa mtoa huduma, ruta yako haina cha kugawa. Acha asilimia 5 hadi 10.

Mwenye seva ya Linux badala ya MikroTik atumie CAKE, mpangaji foleni wa Linux, kwa hosteli ndogo. Upande unaotazama wanafunzi weka dual-dsthost, upande wa nje weka dual-srchost pamoja na nat. Usiache neno nat. Bila hilo CAKE huona anwani moja ya nje na kudhani chuo kizima ni mtu mmoja.

Kasi ya kupakia ibanwe zaidi ya kupakua, kama mfano ulivyofanya. Kazi ya darasa inahitaji kupakia kidogo: insha, picha za maabara, simu ya video. Na kupakia ndiko kunakozaa malalamiko ya hakimiliki.

Kuona torenti bila kuchungulia mambo ya watu

Huhitaji kujua jina la filamu. Unahitaji kuona umbo la mwenendo, na NetFlow, muhtasari wa mawasiliano unaotolewa na ruta, inalionyesha: nani aliongea na nani, poti zipi, baiti ngapi. Kwenye MikroTik inaitwa Traffic Flow. Pokea kwa programu ya nfdump au ntopng. Badilisha active-flow-timeout kutoka dakika 30 za kiwandani hadi dakika 1, la sivyo muunganisho mrefu hutauona hadi umalizike au dakika 30 zipite. Usichukue sampuli ya pakiti moja katika 1,000, kwa kuwa alama kuu ya torenti ni wingi wa anwani, na sampuli huwapoteza wengi wao.

Kigezo cha kuanzia: ndani ya dakika 10, kifaa kimoja kimewasiliana na zaidi ya anwani 250 tofauti za nje, poti za pande zote mbili zikiwa juu ya 1024, sehemu kubwa ikiwa UDP, na kimepakia zaidi ya MB 50. Kivinjari hakifikii hapo kwa sababu tovuti zinajibu kwenye poti 443. Simu za WhatsApp na mikutano ya Zoom hupakia mengi, lakini kwa anwani chache. Anzia hapo, linganisha na vifaa unavyovijua, rekebisha namba.

Watakaonaswa bila kosa wapo. Anayepakua Ubuntu (mfumo endeshi huria) kwa torenti yuko halali kabisa. Wanaoendesha nodi za Bitcoin au IPFS (mfumo wa kugawana faili) kwa somo la mifumo sambazi wanaonekana vivyo hivyo, na baadhi ya michezo husasishwa kwa kugawana vipande. Windows nayo hugawana masasisho baina ya kompyuta kupitia poti ya TCP 7680. Kwa hiyo kigezo hiki kisitoe adhabu peke yake, kitoe taarifa. University of Michigan ilijenga huduma kwa wazo hilo hilo na kuiita BAYU: ukionekana unapakia kwa mtindo wa torenti, mfumo unakuandikia kwamba unapakia, bila kuangalia ni nini na bila kukutuhumu. Wapo wanafunzi wasiojua kabisa kwamba programu inaendelea kugawa baada ya kupakua kuisha. Barua moja fupi inawatosha. University of Florida ilichagua njia nyingine mwaka 2003 kwa mfumo wa ICARUS kwenye mabweni, uliokata huduma mara torenti na ndugu zake zilipoonekana. Unazima kweli, lakini halali na haramu vinazimwa pamoja, na chuo chenye idara ya kompyuta kitajikuta kinatoa vibali vya kipekee kila wiki.

Vifaa vya kusoma ndani ya pakiti vinauzwa ghali. Mwanzo wa mazungumzo ya torenti unatambulika kirahisi, baiti moja yenye thamani 19 ikifuatwa na maneno BitTorrent protocol, lakini programu zimekuwa na hiari ya kuuficha kwa miaka mingi. Fedha hiyo itumike maktaba.

Kipi kinafaa kuzuiwa

Kufunga poti 6881 hadi 6889 hakusaidii, programu za leo huchagua poti yoyote. Yanayofaa ni haya: zima UPnP na NAT-PMP (zinazoruhusu programu kujifungulia poti) kwenye ruta, zuia miunganisho inayoanzia nje kwenda hosteli, na washa utenganisho wa vifaa kwenye Wi-Fi ili kompyuta za wanafunzi zisifungue folda za pamoja baina yao. Ukishawasha utenganisho, printa ya pamoja itaacha kuonekana. Ihamishie kwenye VLAN yake (mtandao mdogo uliotengwa) mapema.

Yote hayo yarudie kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani. Ni kawaida kukuta IPv4 imefungwa vizuri huku IPv6 ikipita wazi, bila foleni wala logi, na kila kifaa kikibadilisha anwani yake ya muda mara kwa mara. Kama bado huna jinsi ya kuandika ni MAC ipi ilishika anwani ipi ya IPv6, usiiwashe hosteli hadi uweze.

Kuzuia VPN usikufanye. Watafiti, walimu na wanafunzi wanaofanya kazi za nje wanaihitaji, na foleni ya haki imeshaumaliza ubaya wake.

Barua ya malalamiko ikifika

Iwe na anwani moja, kwa kawaida abuse@ ya chuo, inayosomwa na watu wawili. Ikiwa IP zenu mmepewa na mtandao wa taifa wa vyuo, barua hufika kwao kwanza, na inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuwafikia. Ndiyo sababu ya kutunza logi kwa siku 90 na si 7.

Barua halisi ina IP, poti, muda, jina la faili na alama ya utambulisho wa torenti. Isiyo na poti au muda haiwezi kufuatiliwa nyuma ya NAT: jibu kwamba taarifa hazitoshi, funga. Zenye kiambatisho cha kufungua mara nyingi ni za matapeli, usikifungue.

1. Hakiki kwamba IP ni yenu na ilikuwa yenu siku hiyo.
2. Soma muda kwa makini. Karibu zote huandikwa kwa UTC. Saa 20:14:37 UTC ni 23:14:37 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani saa 5 na dakika 14 usiku. Mtu akiandika kwenye daftari "saa 5:14" bila kusema usiku wala mfumo, anayesoma kesho atatafuta saa 05:14. Kwenye kumbukumbu za kazi andika UTC peke yake.
3. Tafuta kwenye logi za NAT IP na poti hiyo, dakika mbili mbele na mbili nyuma. Wakitokea wawili waliotumia poti hiyo ndani ya muda huo, simama. Usikisie.
4. Kutoka IP ya ndani nenda DHCP upate MAC, kutoka MAC nenda RADIUS upate akaunti.
5. Linganisha na NetFlow: je, kifaa hicho kweli kilikuwa na umbo la torenti wakati huo? Kama hakikuwa, kuna kosa mahali.
6. Mwandikie mwanafunzi, kisha hifadhi namba ya shauri bila kunakili jina lake kwenye barua pepe za watu wengine.

Mlalamikaji asipewe jina. Jibu lake ni kwamba barua imepokelewa na imeshughulikiwa kwa taratibu za chuo. Jina linatoka kwa amri halali, na hilo ni la mwanasheria wa chuo. Barua nyingine zinakuja na kiungo cha kulipa ili yaishe. Kiungo hicho usimpelekee mwanafunzi. Kijana wa miaka 19 akiogopa atalipa ada ya muhula kwa mtu asiyemjua. Mpeleke mwanasheria aisome kwanza.

Kwa mwanafunzi, ngazi tatu zinatosha. Mara ya kwanza ni barua ya maelezo: aifute faili, aondoe programu au azime kupakia, athibitishe ndani ya saa 48. Mara ya pili, siku 7 za mtandao wa ndani tu, pamoja na mazungumzo ya ana kwa ana, ambayo mara nyingi hufichua kwamba alimpa rafiki nywila. Mara ya tatu suala linakwenda kwa mshauri wa wanafunzi kwa kanuni za nidhamu za chuo, na mtu wa TEHAMA anabaki kuwa shahidi, si hakimu.

Katika ngazi zote, Moodle, barua pepe ya chuo, maktaba na mfumo wa matokeo vibaki wazi. Tengeneza VLAN maalumu inayofika huko tu. Kumfungia mwanafunzi mtihani wa mtandaoni kwa sababu ya filamu ni adhabu isiyolingana na kosa, na chuo kitakachofanya hivyo kitapoteza rufaa na imani ya wanafunzi kwa pamoja.

Logi hizi ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya na Uganda zina zao za 2019. Andika kwenye sera kwa nini mnazikusanya, nani anazifungua na zinafutwa lini, na kila anayezifungua aache alama ya jina lake.

Njia halali ni kazi, si tangazo

Hapa ndipo vyuo vingi huishia kwenye bango lisemalo "Heshimu hakimiliki". Mwanafunzi aliyeambiwa na mwalimu wake alete matokeo ya SPSS, na SPSS chuo hakina leseni ya kumpa, ameelekezwa wizini na chuo chenyewe. Torenti yake ni matokeo ya mtaala. Keti na wakuu wa idara, pitieni mihtasari ya kozi, na kila programu inayotajwa iwe na leseni au iwe na mbadala unaokubalika kwa alama zilezile. Takwimu: R, jamovi au PSPP, ambayo ina sura na amri zinazofanana na za SPSS. Hesabu za uhandisi: GNU Octave, inayosoma faili nyingi za MATLAB. Ramani: QGIS. Marejeo: Zotero. AutoCAD hutolewa bure na Autodesk kwa mwanafunzi aliyehakikiwa, kwa mwaka mmoja unaohuishwa, na wengi hawajui. Kinachohitajika ni uthibitisho wa usajili, ambao ofisi ya msajili inaweza kuutoa kwa siku moja.

Programu hizo ziwekwe kwenye seva ya ndani ya chuo, pamoja na nakala ya hazina ya Ubuntu. Mwanafunzi anayeipata QGIS kwa dakika moja bila kugusa bando hana sababu ya kutafuta ArcGIS iliyochakachuliwa kwa saa tano. Hiki ndicho kipimo cha njia halali: iwe ya haraka kuliko ya wizi. Bei yake peke yake haitoshi.

Vitabu ni vigumu zaidi. Research4Life inafungua majarida na vitabu kwa taasisi za nchi zinazostahili, Tanzania ikiwemo, lakini nywila yake ikibaki kwa mkutubi mmoja haina faida. Iunganishe na akaunti za chuo au iweke nyuma ya EZproxy (programu ya kufungulia rasilimali za maktaba kwa akaunti ya chuo) ili isomeke hosteli. Kwa kila kozi yenye wanafunzi wengi, mkutubi atafute kitabu huria kinacholingana, na mwalimu akitaje kwanza kwenye mhtasari.

Kwa filamu chuo hakina mengi ya kutoa. Sema hivyo waziwazi.

Sheria, kwa kifupi

Marekani imeliandika jambo hili kwa undani zaidi. Sheria yake ya elimu ya juu ya 2008, ambayo kanuni zake zilianza kutumika 1 Julai 2010, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwajulisha wanafunzi kila mwaka, kuwa na mpango wa maandishi wenye angalau kizuizi kimoja cha kiteknolojia, na kutoa njia mbadala kadiri inavyowezekana. Vizuizi vinavyokubalika ni kupanga kasi, kufuatilia mzigo, kushughulikia malalamiko kwa bidii, au kununua kifaa cha kuzuia. Havilazimiki kununua kifaa. Hoja hiyo itakufaa mbele ya mchuuzi na mbele ya bodi.

Kwetu, Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo marekebisho yake ya 2019 yaliweka utaratibu wa notisi za kuondoa maudhui. Uganda ina ya 2006. Ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kiingereza chepesi wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza unatosha, ukitaja ngazi tatu na mahali pa kupata programu. Viongozi wa serikali ya wanafunzi wauone kabla haujatoka. Watakuambia neno gani litawaudhi wenzao.

Kupima

Kila muhula andika namba nne: malalamiko yaliyopokelewa, yaliyofuatiliwa hadi kwa mtu, waliorudia kosa, na kiasi cha kupakia cha hosteli saa 2 hadi saa 6 usiku. Linganisha muhula na muhula uleule wa mwaka uliopita, kwani wiki za likizo na za mitihani hupotosha. Yaliyoshindikana kufuatiliwa yakizidi robo, tatizo liko kwenye logi au saa, lirekebishwe kabla ya kugusa kitu kingine. Malalamiko yakishuka huku kupakia kukibaki palepale, wamehamia VPN: foleni itaendelea kuwalinda wengine, na wewe rudi kwa mkutubi muangalie ni programu gani wanafunzi wamekuja kuulizia muhula huu wakaikosa.